Karakana ya Hajati: Hewa Inaingia Wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu chupa inayotakiwa kutoa kitu kidogo kidogo, iwe manukato, sabuni au dawa. Kwa wageni wa safu hii: mimi ni fundi wa mabomba ya mgongoni ya kunyunyizia dawa, hapa Bombo, na wateja wangu wengi ni wakulima wa kahawa na mananasi kutoka Luwero. Manukato nimeyakuta nyumbani, kwa mama na bibi zangu wa Kinubi. Mabomba nimeyakuta kazini. Ukiniletea chupa yoyote nitaigeuza na kukuuliza kwanza hewa inaingia wapi. Atakayechoka na swali hilo anisamehe, litarudi.

SWALI: Hajati, salamu sana. Mimi ni seremala kijana wa Mbale. Nimebuni kifaa cha kunukiza sebule: chupa ya glasi ya mililita 100, kizibo cha mbao ya mvule, na utambi wa kamba ya pamba unaopita katikati ya kizibo. Utambi nimeuzungushia gundi ili mafuta yasivuje. Siku za mwanzo kinanukia vizuri mno, halafu harufu inakata na chupa bado ina zaidi ya nusu. La pili: nilimpelekea shangazi yangu wa Kapchorwa vitatu kwa teksi, vikafika vimelowesha mfuko mzima, na mezani kwangu havidondoshi hata tone. Kosa liko wapi? Tena nataka kutoa toleo la plastiki la bei nafuu. — Seremala wa Mbale

JIBU: Seremala mwanangu, maradhi yako yote mawili yana mzizi mmoja. Umeziba kila mahali. Utambi unayapandisha mafuta na yanaondoka, sasa nafasi yaliyoiacha inajazwa na nini? Mtazame mtu anayemimina mafuta ya taa kutoka kwenye jerikeni lililojaa: linatoa, linakwama, linameza hewa kwa kishindo, linatoa tena. Chupa yako haina pa kumezea. Mwanzoni mbao ilipitisha hewa kidogo pembeni, kwa hiyo ulipata siku chache za raha. Kisha mbao ikanywa mafuta, ikavimba, ikaziba kabisa. Ndani ya chupa hewa ikawa nyembamba kuliko ya nje, na utambi ukashindwa kuvuta.

Nguvu ya utambi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Tundu jembamba la ndani ya utambi, lenye kipenyo cha moja ya kumi ya milimita, linaweza kuinua mafuta mepesi kama sentimita 13. Tundu la milimita nzima halifiki hata sentimita moja na nusu. Kadiri tundu linavyopanuka ndivyo mwinuko unavyopungua. Sasa, uzito wa sentimita 13 za mafuta ni kama asilimia moja na kidogo tu ya shinikizo la hewa ya huko kwenu. Maana yake, hewa iliyomo ndani ya chupa ikipungua shinikizo kwa kiasi hicho kidogo, kazi imesimama. Matone machache yanatosha kuifikisha hapo.

Kapchorwa ni hadithi hiyohiyo ikisomwa kinyumenyume. Teksi inapanda mlima Elgon mamia ya mita. Shinikizo la hewa hupungua kwa kadiri ya asilimia moja kila mita mia, na hewa uliyoifungia Mbale haijui kwamba imesafiri. Inatanuka, inatafuta pa kutokea, inakuta njia ni moja tu, utambi, na utambi miguu yake iko ndani ya mafuta. Kwa hiyo yanayosukumwa nje ni mafuta. Chupa yenye mililita 60 za hewa ikipanda mita 600 itasukuma nje karibu mililita 4. Hizo zinatosha kuharibu mfuko na kitambaa cha shangazi. Hapo bado sijahesabu jua la kioo cha teksi.

Dawa yake: chukua sindano ya cherehani, toboa kizibo kando ya utambi, tundu litokee kwenye nafasi ya hewa juu ya mafuta. Usilipake gundi wala vanishi. Kitundu hicho kitaingiza hewa mezani na kuitoa njiani. Kikikutisha kwamba chupa ikianguka kitamwaga, usikitoboe wima. Kipitishe kwa mshazari, kirefu na chembamba, mafuta yatachelewa kukipita. Ila chupa za kusafirisha usizitie utambi kabisa. Zifunge kwa kifuniko cha skrubu chenye washa, yaani kipete cha kuzibia, mwekee shangazi utambi na kizibo pembeni, ataviweka mwenyewe zikimfikia nyumbani. Viwanda vinavyouza chupa za kunukiza za vijiti hufanya hivyo, na si kwa urembo.

Kuna sababu nyingine ya harufu kukata, na hii tundu halitaitibu. Mafuta ya harufu ni mchanganyiko, na kila kimoja kina haraka yake. Limonini, ile inayolipa chungwa na limau harufu yake, huchemka kwenye nyuzijoto 176. Vanilini, roho ya vanila yetu ya Mukono na Bundibugyo, huchemka kwenye 285. Mezani hakuna kinachochemka, lakini foleni ya kuondoka ni hiyohiyo: machungwa yanatangulia, vanila inabaki. Ukiwa umetia machungwa mengi ili mteja afurahi pale anapofungua, wiki ya pili atabaki na chupa iliyojaa vitu vizito visivyopenda kuruka. Fungua chupa iliyokata, unuse kilichobaki. Ikiwa harufu ni ileile, shida ni hewa. Ikiwa imebadilika, imekuwa nzito na imepoa, shida ni mapishi yako.

Na usiiamini pua yako. Pua huzoea harufu ndani ya dakika chache, ikaacha kukupa habari. Fundi anayekaa na kifaa chake karakanani kutwa atasema hakinukii, ataongeza mafuta, na mgeni atakayeingia ataumwa kichwa. Mwite jirani kutoka nje, akutane na chumba mlangoni, umuulize hapohapo.

Badala ya kunusa, pima uzito. Mizani ndogo ya jikoni ya betri inatosha. Weka chupa juu yake kila asubuhi saa ileile, uandike. Ukitaka mililita 60 zitumike mwezi mmoja, inabidi ziondoke mililita 2 kwa siku. Mafuta mengi ya harufu mililita moja ni kama gramu 0.9, spiriti ni 0.79. Namba zikishuka sawasawa, ubunifu wako uko sawa. Zikianza kwa kasi kisha kulala, rudi kwenye kitundu au kwenye mapishi. Kwa kifaa cha nyumbani ninaipenda karatasi hiyo ya namba kuliko mchoro wowote mzuri wa kompyuta.

Utambi wenyewe: pamba si mbaya, ila hushika uchafu na rangi, tena hulegea. Jaribu vijiti vya henzirani. Omba vipande kwa mafundi wa viti, lakini chukua moyo wa ndani, usichukue ganda linalong'aa. Henzirani ina mirija midogo inayopita kutoka mwanzo hadi mwisho wa kijiti. Mwanzi una vifundo, na kila kifundo ni ukuta, ndiyo maana vijiti vya mwanzi hulowa chini na kukauka juu. Ukitaka harufu zaidi ongeza idadi ya vijiti au urefu unaobaki nje, kwa kuwa mvuke hutoka kwenye eneo lililo wazi. Na usitie rangi ya keki ndani ya mafuta ili yapendeze. Rangi hiyo itaishia kwenye mirija.

Kuhusu kimiminika cha kuchanganyia, hujasema unatumia nini, nami ninashuku ni spiriti. Spiriti huwahisha harufu, lakini mvuke wake huweza kushika moto hata kwenye joto lililo chini ya nyuzijoto 20, na Mbale mchana haushuki hapo. Chupa iliyo wazi ya spiriti kando ya mshumaa siku umeme umekatika, sitaki kuifikiria. Tena kutoka nyuzijoto 20 hadi 40 mvuke wake huongezeka mara tatu, kwa hiyo chupa iliyo dirishani itakwisha wakati ya kwenye kabati bado changa. Waulize wauza kemikali dipropilini glaikoli, wao wanaiita DPG tu. Ni nzito, haishiki moto kirahisi na haina harufu ya kushindana nawe. Peke yake inapanda polepole, hivyo wengine huilegeza kwa spiriti kidogo. Kidogo.

Plastiki sasa. Mafuta ya machungwa huyeyusha plastiki ya polistireni, ile ngumu inayovunjika kwa kelele, ya vikombe vya kutupa. Ukitengeneza kifuniko kwa plastiki hiyo kitalainika, kitanata, kitaanguka ndani. Mpira wa kawaida nao huvimba. Glasi haina ugomvi na mtu. Kwa vifuniko tumia polipropilini, na washa ya teflon. Plastiki laini za kubonyea hupitisha harufu kwenye ukuta wake, utauza chupa inayonukia kwa nje na kupungua ikiwa imefungwa.

Chupa za soda usizitumie kamwe, hata kwa sampuli. Maji ya rangi yenye harufu ya chungwa ndani ya chupa ya soda, mtoto atakunywa. Mafuta kama hayo yakiingia mapafuni badala ya tumboni huua, na watoto wa Uganda wameshakunywa mafuta ya taa vya kutosha kwa njia hiyohiyo. Nunua chupa yenye mdomo mwembamba usioruhusu kumiminia, na kizibo kisichong'oka kwa mkono wa mtoto wa miaka mitatu. Hilo ni la kubuni, Seremala, wala si la kuandika kwenye lebo.

SWALI: Hajati, kaka yangu amebuni chombo cha manukato kisichomwagika hata kikipinduliwa. Marafiki wanamwambia akisajili asiibiwe, wengine wanamwambia ni kupoteza pesa. Unasemaje? — Dada mwenye wasiwasi, Kampala

JIBU: Mwanangu, mimi si wakili. Ninachojua kama fundi ni kwamba usajili wa uvumbuzi hapa kwetu uko URSB, ofisi ya huduma za usajili, chini ya sheria ya mali ya viwanda ya mwaka 2014. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi, hudumu miaka 20. Kuna pia cheti cha ubunifu mdogo kwa maboresho yasiyo makubwa, na usajili wa umbo peke yake. Uganda ni mwanachama wa ARIPO, shirika la mali ya ubunifu la nchi za Afrika lenye makao Harare, kwa hiyo ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa za Afrika.

Lakini kwanza aangalie kama ni kipya kweli, si kipya Kampala tu. Uwanja huu umelimwa sana. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari mmoja wa Toledo, Marekani, Allen DeVilbiss, alitengeneza kipulizi cha kutibu koo, na mwanawe akakigeuza cha manukato. Mnorwe Erik Rotheim aliandikisha kopo la kupuliza kwa gesi katika miaka ya 1920. Wakati wa vita vya pili vya dunia Wamarekani wawili, Goodhue na Sullivan, wakawapa askari makopo ya dawa ya mbu. Kipya cha kaka yako kitakuwa kwenye jambo moja dogo: chombo kinapopinduliwa, tundu la hewa linafungwa na nini? Alieleze hilo kwa mchoro na maneno, ndilo la kulindwa. Na asilitie WhatsApp kabla ya kupeleka ombi, kwa sababu kitu kilichokwisha onyeshwa hadharani kinaweza kukataliwa kuwa si kipya tena. Akitaka sampuli nzuri, pale Nakawa kuna taasisi ya utafiti wa viwanda, UIRI, inayosaidia wabunifu, na mafundi wa Katwe watamkatia chuma kabla hajamaliza kueleza.

SWALI: Nina saluni Lira. Chupa zangu za kupulizia maji kichwani zinabonyea zenyewe, kisha zinaacha kutoa. Nikifungua kifuniko inalia fyuu, inakuwa nzima. Ni kurogwa? — Saluni

JIBU: Hakuna mchawi anayehangaika na chupa ya maji. Hiyo fyuu ni hewa ikiingia. Ndani ya kichwa cha bomba kuna pistoni, springi na vizuizi viwili, kimoja cha kuruhusu maji yapande, kingine cha kuyaruhusu yatoke. Kando ya silinda kuna kitundu ambacho hufunguka pale tu unapovuta kidole, ili hewa iingie chupani, na hufungwa ukiachia, ili chupa isimwage ikilala. Krimu za nywele zimekiziba. Kiloweke kichwa kizima kwenye maji ya moto yenye sabuni, kibonyeze mara nyingi, kisha uchokonoe kwa sindano. Ukinunua kipya, chungulia springi: ikiwa ya chuma cha kawaida na unatia Jik, itashika kutu haraka. Na chupa iliyokuwa na Jik usitie siki wala dawa yenye amonia. Gesi yake ni sumu.

SWALI: Hajati, usicheke. Spiriti ni ghali, waragi iko jirani. Naweza kuchanganya mafuta ya mchaichai na waragi nikapata manukato ya chumba? — Mjanja wa Jinja

JIBU: Nimecheka. Waragi ya dukani ni takriban asilimia 40 ya kilevi, iliyobaki ni maji, na ya kienyeji hata mpishi wake hajui. Mafuta ya harufu huyeyuka kwenye kilevi kikali. Maji yakizidi yanakataa. Utaona mchanganyiko unageuka mweupe mithili ya tui, halafu mafuta yanaelea juu. Utambi ukifika chini unakunywa maji, sebule inanukia baa. Spiriti ya zambarau ya kusafishia nayo ina methanoli, sumu ya macho na ya roho, usiivukize chumbani. Ukikosa spiriti safi, weka matone ya mchaichai kwenye kipande cha kigae kisichopakwa rangi. Kigae kinanyonya na kutoa polepole, hakihitaji chupa wala swali langu la hewa.

SWALI: Hajati, nina hoteli ndogo Busia, karibu na mpaka. Pa kunawia mikono nimeweka jerikeni la maji na lingine la maji ya sabuni lenye kibomba. Asubuhi likiwa limejaa sabuni inamwagika kwa pupa, jioni inadondoka tone moja moja na wateja wanalalamika. Nikirekebisha kibomba asubuhi, mchana nirekebishe tena. Je, ninunue ile mashine ya betri? — Mama Chai

JIBU: Dada yangu, hifadhi pesa yako. Mashine ya betri ni nzuri hospitali na benki. Mlangoni kwako itaibiwa au italowa. Tatizo lako lina dawa ya zaidi ya miaka 300, ya Mfaransa Edme Mariotte, naye hakutumia betri.

Kwanza uelewe kinachotokea. Kasi ya maji kwenye kibomba inategemea kimo cha maji yaliyo juu yake. Asubuhi kimo ni kirefu, jioni kifupi. Wewe unataka kibomba kidanganyike kidhani kimo hakibadiliki.

Tafuta jerikeni gumu la lita 10 au 20, lisilobonyea kwa mkono. Kibomba kiwe chini kabisa, ubavuni. Toboa kifuniko katikati, upitishe mrija mwembamba ulionyooka, ule wa maabara au hata paipu ya plastiki ya kalamu ndefu ukiunganisha. Mrija ushuke ndani hadi mwisho wake wa chini usimame sentimita 3 hivi juu ya usawa wa kibomba. Mwisho wa juu ubaki wazi, nje. Pale mrija unapopita kwenye kifuniko, ziba kwa mpira unaobana kisawasawa. Kifuniko chenyewe kiwe na washa nzima. Hewa isiwe na mlango mwingine ila huo mrija.

Fungua kibomba. Maji yatashuka kidogo, mrija utamwagika ndani, halafu utaona mapovu yanatoka kwenye ncha yake ya chini na kupanda. Hapo ndipo uzuri ulipo. Kwenye ncha ile ya mrija shinikizo ni la hewa ya nje, liwe jerikeni limejaa au limefika nusu. Kibomba kinahisi zile sentimita 3 tu zilizo kati ya ncha ya mrija na mdomo wake. Maji ya juu yananing'inia, yameshikwa na hewa nyembamba iliyobaki juu yao. Kasi haitabadilika mpaka maji yafike kwenye ncha yenyewe, na hapo ni wakati wa kujaza.

Ukitaka itoke kwa nguvu, inua mrija. Ukitaka ipungue, ushushe. Ukiushusha hadi usawa wa kibomba, itasimama. Hivyo ndivyo unavyopima kiasi, na kibomba ukiache wazi nusu bila kukigusa tena.

Kipimo cha kazi yako ni kidole: ziba mrija juu. Maji yakisimama baada ya muda mfupi, umeziba vizuri. Yakiendelea, kuna hewa inayoingia kwa wizi, mara nyingi kwenye washa ya kifuniko. Pakaza sabuni pembeni, usikilize.

Mambo mawili ya Busia. Jua: liweke kivulini, kwa sababu hewa ya juu ikipashwa moto hutanuka na kusukuma sabuni nje bila ruhusa. Na unene: sabuni nzito ya maji, ile inayonata, itapita kwa uvivu kwenye kibomba chembamba. Ilegeze kwa maji mpaka imiminike sawa na chai, uichuje kwa kitambaa kabla ya kuitia. Ile ya kukanyaga kwa mguu kwa kamba na kijiti, ambayo mashule mengi yetu yameizoea tangu siku za Ebola na korona, itakufaa kwa jerikeni la maji. Kwa sabuni, mrija wa Mariotte.

SWALI: Hajati, sisi ni watu wa udi. Ninaishi chumba kimoja Arua na watoto watatu, wa katikati ana pumu. Makaa ya chetezo yanamkohoza. Nimeona vifaa vya kuchomeka ukutani vyenye chupa ndogo, na vingine vya kutoa ukungu. Kipi kitafaa? — Mama wa Arua

JIBU: Mama, nami nimelelewa kwa udi, najua unachoomba. Lakini swali langu leo si la chupa, ni la chumba chako: hewa inaingia wapi, na inatoka wapi? Makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na huua hata wasio na pumu. Chetezo kisilale ndani, hata kwa mvua.

Vya kuchomeka hufanya kazi hivi: utambi unapandisha mafuta kutoka chupani, na kipasha joto kidogo kinazunguka kichwa cha utambi tu. Mafuta yenyewe hayapashwi. Kipasha hicho kimetengenezwa ili kikifika joto lake kijipunguzie umeme chenyewe. Ni ubunifu mzuri, na kwa umeme wa kulipia kabla hakikuli sana. Usikubali fundi wa mtaani akutengenezee cha mkono, maana ni volti 240 kando ya mafuta. Nunua chenye alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Vya ukungu vina kisahani kinachotetemeka zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde na kuyavunja maji kuwa ukungu baridi. Havina moto, lakini vikitiwa maji ya chumvi ya kisima huacha vumbi jeupe juu ya kila kitu, na vumbi hilo mtoto analivuta.

Sasa jibu. Kwa mtoto mwenye pumu, katika chumba anacholala, hakuna kimoja kati ya hivyo ninachokupendekezea. Manukato yenyewe, hata bila moshi, huweza kumbana kifua. Fukiza nguo na mashuka nje barazani asubuhi, yapige upepo, uyaingize jioni yakiwa na harufu ya mbali. Ukiona hata hiyo inamkohoza, udi ubaki kwenye nguo zako za kutokea. Wataalamu wa kliniki wakuambie zaidi kuhusu mtoto.

SWALI: Nina vyumba vya kupangisha Kawempe, wapangaji wengi, choo cha shimo kimoja. Nataka kufunga kifaa cha betri kinachopuliza marashi kila baada ya muda. Wapangaji wanasema harufu inawafukuza. Nishauri aina. — Landilodi

JIBU: Mzee wangu, kile kifaa ni mota ndogo, gia, na kidole kinachokandamiza kopo kila baada ya dakika unazochagua. Valvu ya kopo hupima tone dogo kila mara. Kinafaa ofisini, kwa sababu kupuliza kwa vipindi kunaipa pua nafasi ya kusahau. Chooni kwako utapata harufu mbili badala ya moja, na wiki ya pili betri zitakuwa kwenye redio ya mtu.

Harufu ya shimo inapanda kwa sababu hewa yake haina njia nyingine. Ipe. Zimbabwe walilitatua hili tangu miaka ya 1970 kwa choo chenye bomba la hewa. Najua Kawempe maji ya ardhini yako juu na choo chako pengine kimeinuliwa. Haidhuru, kanuni ni ileile. Simamisha bomba la PVC la milimita 150 kutoka shimoni, lililonyooka bila kona, lipite paa kwa nusu mita. Upepo ukipita juu ya mdomo wake unavuta hewa ya shimo, na hewa safi inashuka kupitia tundu la kuchuchumalia. Kwa hiyo tundu hilo usilifunike kwa kifuniko cha kubana, maana utakuwa umeziba mlango wa kuingilia. Mlango wa choo uelekee upande upepo unakotoka.

Juu ya bomba funga wavu wa matundu ya milimita moja na kidogo. Ndani ya choo kuwe na giza kiasi: nzi walioko shimoni hufuata mwanga, watapanda bomba na kunaswa huko. Wavu uwe wa chuma cha pua au nyuzi za glasi, kwa sababu gesi ya shimo hula waya wa kawaida. Ukimaliza, ning'iniza kipande chembamba cha karatasi ya chooni juu ya tundu. Kikivutwa kuelekea chini, bomba linafanya kazi. Kikipeperukia usoni kwako, panda ukague wavu, aghalabu ni utando wa buibui. Mwaga ndoo ya maji kupitia juu, ujaribu tena.